Fimbo ya Baba Yako

Kendi mjukuu wangu,

Huku Kianjai tu wazima, na maharagwe mwaka huu yamekubali. Unauliza kwa nini sitaki kukaa tu, na uzee huu wote.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, tulipohamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, nyanya yangu alisamehewa kazi za lazima kwa sababu ya umri. Alikaa mlangoni mpaka akaacha hata kuongea. Siku moja aliinuka, akanifuata mtoni, akanivua ukanda wa kichwani wa kubebea mzigo, akabeba debe langu la maji mlima wote. Kufika juu akanigombeza: "Nani alikufunza kufunga mzigo hivi?" Nilicheka kwa furaha. Nyanya alikuwa amerudi.

Mshukuru baba yako kwa ile fimbo ya kutembelea. Nimeichomeka shambani, maharagwe yanaipanda vizuri.

Nyanya yako