Zamzam ya Nassor

Mjini Ibra, Jumatano, mwezi wa Rajabu

Kumbe Nassor hakwenda Umra! Leo mwenye studio ya picha kanipa picha zake za safari nimpelekee, nikamwona ndugu yangu kasimama chini ya bango la Mji wa Panama, kavaa kofia ya ukili, nywele tele, anacheka.

Nimemuuliza. "Nilitaka kutembea tu, dada. Mngeniruhusu?"

Si angetembea! Lakini kurudi na kichwa kimenyolewa, na dumu la zamzam, sisi tukampokea kwa ubani...

Mama mgonjwa. Kila asubuhi namnywesha maji yale, anaomba dua mpaka machozi yanamtoka. Nassor kakiri: kayajaza bombani, uwanja wa ndege.

Magharibi Mama kaniita. "Mwanangu, leo naona nafuu. Nitilie tena zamzam kidogo."

Nimemtilia.