Michoro Arobaini

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama. Jicho lako linaendeleaje? Mama hajambo, anakula na kugomba kama kawaida. Mimi ni mzima wa mwili tu, moyoni nachemka.

Juzi wasichana wawili walikuja kwenye kibanda changu na magauni yaliyowabana mabega, wakasema kitabu changu cha ushonaji kimewaharibia vitambaa. Nikawauliza walikinunua wapi. Wakacheka. Nani ananunua, walisema, kimo kwenye simu, kila kikundi cha mafundi kinacho, bure. Bure! Miaka mitatu ya kupima, kukata na kukosea, leo inagawiwa kama maji ya mvua, halafu lawama naletewa mimi mlangoni.

Nikaomba simu, nikafungua ukurasa wa thelathini na moja. Mchoro wa mkono wa gauni haukuwa na nafasi ya kushonea. Kosa lile lilikuwa langu, nilikupa vipimo pungufu vya kuchorea, na nililisahihisha kwa kalamu katika nakala moja baada ya nyingine kabla sijauza hata moja.

Basi iliyovuja haikutoka kwa wateja wangu; nikaenda moja kwa moja kwa mwenye duka la kuchapa, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Hakupandisha sauti. Alinikumbusha kwamba nakala isiyosahihishwa ilitoka moja tu, ile niliyokutumia wewe ukague michoro. Kisha akanifungulia kitabu ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu, nionyeshe jina la aliyechora, halafu uniite mwizi tena."

Basi ni wewe. Umenikata kwa mkasi wangu mwenyewe, na wasichana wa watu umewatia hasara. Kifute kila ulikokiweka, na uwaambie wote waliokipata kuhusu ule mkono.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa mwongo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Michoro yote arobaini ni yako. Uliponiuliza habari ya jina na malipo, nilikujibu kwamba ndugu hawaandikiani, mikataba ni ya watu baki. Ukanyamaza, nami nikajifanya umeridhika. Nilitaka watu waseme ni kazi yangu peke yangu.

Mwenye duka nimemwomba radhi mbele ya watu, na toleo la pili nimelisimamisha. Hasira bado ninayo, sikufichi. Mama anasema ulitunze hilo jicho. Niandikie jina lako kamili, unavyotaka lisomeke kwenye jalada, na fungu lako liwe kiasi gani. Usinijibu kwamba ndugu hawaandikiani.

Ni mimi dada yako,
Mshonaji