Tarumbeta ya Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya nne na hedifoni Nyeusi. Ofisini, kati ya lori la saa tatu na lori la saa tano. Wimbo uleule. Wapigaji watano: tarumbeta kushoto, saksafoni kulia, besi katikati, piano na ngoma nyuma kidogo. Rekodi ya enzi ile ambapo wapulizaji walitengwa huku na huku kama maharusi waliogombana.

Tarumbeta bado ina ukungu. Kama mtu anapuliza nyuma ya pazia. Saksafoni safi kabisa, hata pumzi anayovuta kabla ya kupuliza naisikia.

Kahawia haina shida hiyo. Leo asubuhi baada ya swala, nywele bado zina maji ya udhu, niliisikiliza chumbani dakika kumi kabla Hooyo, mama yangu, hajaniita kunywa chai. Tarumbeta ilikuwa shaba tupu.

Hizi hedifoni ni ndugu. Kampuni moja, bei karibu moja. Duka la Nairobi limenipa zote mbili nizilinganishe kwa jazi, niandike makala, nibaki na moja. Nyingine irudi kwa basi tarehe 22. Kahawia haitoki nyumbani kwa sababu vikombe vyake ni vya mbao, na vumbi la yadi ya malori ya Adeer, ami yangu, linaingia hata ndani ya mayai. Nyeusi ndiyo ya kazini.

Nimeandika sentensi ya kwanza: "Nyeusi ina upande mmoja dhaifu." Nikaifuta. Nikairudisha. Kutwa nzima sikuweza kukaa. Adeer ameniuliza kama kiti kina kunguni.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeigeuza Nyeusi. Kikombe cha kushoto kulia, cha kulia kushoto. Kama kasoro ni yake, ukungu ungehama nayo.

Haukuhama. Tarumbeta ilikwenda kulia ikawa safi. Saksafoni ilikuja kushoto ikafunikwa.

Nimerudia mara sita.

Ukungu hauko kwenye Nyeusi. Uko kwangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempa Akiru asikilize. Akiru ndiye tunayeandika naye mizigo. Ni Mturkana wa Ngaremara, na hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Alivaa Nyeusi juu ya misuko yake, akafumba macho, akakunja uso.

"Hii muziki inatafuta nini? Ni kama wote wamepoteza mbuzi na kila mtu ameshika njia yake."

Nikamwambia aache mbuzi. Aniambie tu upande gani una sauti hafifu.

"Hakuna. Wako sawa."

"Sikiliza tena. Kushoto."

"Hodan. Mimi nimekua nikitafuta kengele ya mbuzi kwa upepo. Wako sawa, huyu wa kushoto na huyu wa kulia. Wewe ndio uko na shida."

Alikuwa anatania. Nilicheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya stoo nikasimama kati ya magunia ya mchele. Sikulia. Nilisimama tu.

Niandike hapa, maana sitamwambia mtu. Hooyo hasikii sikio la kushoto. Lilimwanza akiwa na miaka ishirini na saba. Mwaka mzima lilikuwa linakuja na kwenda, halafu likaenda. Nyumbani hakuna anayekaa kushoto kwake. Hakuna aliyetufundisha. Ni kama kutokanyaga mkeka kwa viatu. Nimekula, nimesoma, nimepigwa na nimebembelezwa upande wa kulia wa mama yangu. Ukimwita akiwa uani, huzunguka mzima kama mtu aliyeangusha kitu, kwa sababu sikio moja halijui sauti imetoka wapi.

Mimi nina miaka ishirini na sita.

Januari naanza kazi studio, Nairobi. Kunasa sauti. Miaka miwili nimeandika barua za kuomba kazi hiyo. Kazi yenyewe ni hiyohiyo: kujua kila sauti imesimama wapi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeivunja sheria yangu. Nimeizungushia Kahawia taulo nikaenda nayo ofisini. Nikasubiri Akiru atoke kuhesabu mitungi ya gesi. Nikarekebisha mtandio, nikavaa.

Ukungu. Kushoto. Kahawia ileile ambayo Jumatatu ilikuwa shaba.

Saa kumi nikarudi nyumbani mbiombio. Nikafunga mlango wa chumba, nikatupa mtandio kitandani, nikavaa tena kabla hata ya kunywa maji. Safi. Pande zote mbili safi. Nikajaribu Nyeusi. Safi pia.

Linakuja na kwenda.

Nimeyaandika maneno hayo kisha nikayatazama. Si maneno yangu. Ni ya Hooyo.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepima kila kitu chumbani. Saa ya mezani, kushoto, kulia. Kusugua vidole karibu na sikio. Karatasi. Kiberiti. Yote sawa leo. Kisha mvua ikaanza kwenye mabati na kupima kukawa upuuzi.

Najichukia nikisikia vizuri. Ni kama mgeni anayekuja kuaga.

Jumanne, 11 Novemba

Dereva alipiga simu ya ofisi kutoka njia ya Sericho. Kwa makusudi niliweka sikio la kushoto. Nilitaka kujua. Maneno yalikuja yamevaa soksi. Nikasikia "tumefika", nikaandika kwamba mzigo umefika, nikamwambia Adeer.

Haukufika. Lori lilikuwa limezama kwenye matope, na dereva alikuwa anaomba trekta. Alipiga tena masaa matatu baadaye, akiwa na njaa na matusi.

Adeer hapigi kelele mara kwa mara. Leo alipiga. "Masikio yako umeyaacha wapi, Hodan? Kwenye hizo bakuli zako za muziki?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, labda huko huko.

Makala haijasogea. Najua kila kitu kuhusu hedifoni hizi na sijui lolote.

Alhamisi, 13 Novemba

Hooyo amenishika.

Tulikuwa tunachambua dengu. Alikuwa anasimulia habari za harusi ya jirani, na mimi, bila kujua, nilikuwa nimempa sikio la kulia. Nimeanza kufanya hivyo kwa watu wote. Akanyamaza katikati ya habari.

"Tangu lini unasikiliza kwa shingo?"

Nikasema nimelala vibaya.

"Mimi nilimwambia nyanyako hivyohivyo. Shingo." Akarudisha macho kwenye dengu. "Nilimwambia miezi minane."

Hakuuliza tena. Aliosha mikono, akampigia Adeer, akamwambia Jumatatu anataka pikapu ya kwenda Meru, na asiulize ya nini. Nilibaki na sinia mapajani. Nilikuwa na hofu na hasira pamoja, na hasira ilikuwa kwake. Kana kwamba yeye ndiye aliyenipa. Huo ndio ukweli na ni mbaya.

Jumatatu, 17 Novemba

Meru. Adeer kwenye usukani, mimi katikati, Hooyo dirishani. Kulia kwake, kama kawaida. Baridi ya kule juu ilipoanza, Adeer alilalamika kuhusu baridi.

Kliniki ina chumba kidogo kama kabati, kuta zimevikwa sponji. Nesi ni mama wa Kimeru, miwani imening'inia kifuani. Akanipa hedifoni. Mbaya, za plastiki, zimechanika ngozi. Nikazivaa.

"Toa kitambaa kwanza, mami."

Nikamwambia ni chepesi.

"Hiyo imekunjwa mara nne hapo kwa sikio. Mashine itapima kitambaa, haitapima wewe. Toa, mwanaume haingii hapa."

Nikapeleka mkono kwenye pini.

Pini iko kushoto. Iko kushoto tangu darasa la pili. Upande mfupi wa mtandio unapita kulia mara moja. Upande mrefu unapita chini ya kidevu, unapanda kushoto, unakunjwa, unabanwa hapo. Kulia tabaka moja. Kushoto nne, na pini.

Ofisini nina mtandio. Chumbani sina.

Nilikaa na pini mkononi, nesi akadhani ninaogopa. "Haiumi," akasema. Mashine ikaanza milio yake, myembamba, minene, ya mbali, ya karibu. Nilibonyeza kitufe kila mara. Mwishoni akanionyesha karatasi: mistari miwili, wa sikio hili na wa sikio hili, inatembea pamoja kama watoto wanaotoka shule.

Nina digrii. Niligeuza hedifoni, nilimtumia shahidi, nilibeba ya nyumbani kuileta kazini. Sikuuhesabu mtandio. Ni kama kuhesabu ngozi.

Sasa sehemu ambayo sitaki kuiandika.

Nilitoka mbio. Hooyo alikuwa kwenye benchi, ukuta kulia kwake, kwa hiyo nafasi ya wazi ilikuwa kushoto. Nikainama nikamkumbatia upande huo, nikasema, "Alhamdulillah, siko kama wewe."

Ndivyo nilivyosema. Kwa furaha.

Hakugeuka. Alinipapasa mgongo akauliza nesi amesema nini. Nikazunguka mbele nikamweleza habari ya pini, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Ningejua ni pini," akasema, "yangu ningeichomoa mwaka ule."

Adeer naye alicheka. Njia nzima alikuwa anasema "pini" peke yake na kuanza upya.

Sijui kama Hooyo alisikia. Nilisemea kwenye sikio lililokufa. Lakini alikuwa karibu sana.

Jumanne, 18 Novemba

Akiru alipoambiwa alikaa chini kabisa, sakafuni. "Wiki mbili unaomboleza kitambaa! Mimi nilikuambia, wewe ndio uko na shida." Amewaambia wapakiaji wote. Mmoja ameniuliza kama breki za lori pia zina mtandio.

Ningepaswa kuwa mwepesi. Siko. Natembea uani, naingia, natoka. Hooyo ananitazama na kuendelea na kazi yake. Hasemi chochote, na sijui kama ni kimya cha kawaida au cha mtu aliyesikia.

Alhamisi, 20 Novemba

Ulinganisho wa haki, hatimaye. Chumbani, kichwa wazi, baada ya alasiri, sauti ileile, wimbo uleule.

Nyeusi ni bora. Lazima niseme hivyo baada ya kuisingizia. Sahani za ngoma zinaanguka polepole na unasikia mwisho wake. Kila mtu amesimama mahali pake na kuna hewa kati yao. Kahawia inaipa besi joto zaidi, kama sauti inayopita kwenye mbao za mlango, lakini inamsukuma mpiga piano ukutani. Kwa jazi ya watu watano, Nyeusi. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na sasa naiamini.

Makala imeandikika kwa saa moja. Nimeongeza aya ambayo sijaiona kwenye makala yoyote ya hedifoni: kama unavaa mtandio, angalia pini yako iko wapi.

Kesho nitaifunga Kahawia kwenye boksi.

Ijumaa, 21 Novemba

Nilikuwa nakunja waya wa Kahawia Hooyo alipoingia. Wanaume walikuwa wameenda msikitini, nyumba kimya. Akaketi kitandani, akauvua ushungi, akauweka magotini. Nikaketi kulia kwake.

"Hiki ndicho kilichokupeleka Meru," akasema, akikigusa kikombe cha mbao.

Nikasema ndiyo.

Kisha akasema, akitazama ukuta, "Nilikusikia kule."

Nikauviringisha waya kidoleni.

"Sikio halikusikia. Lakini mdomo wako ulikuwa shingoni mwangu, Hodan." Akanyoosha ushungi magotini. "Mimi niliomba hivyo kabla yako. Usiwe kama mimi. Nimeomba tangu ulipozaliwa. Sasa unaona aibu ya nini?"

Nilimwomba msamaha. Alipunga mkono kama anafukuza nzi. Akataka kusikia huo muziki.

Nilimvalisha Kahawia, akasikiliza kidogo. "Mtu mmoja anapuliza," akasema. "Kisha ananyamaza kama anangoja. Anamngoja nani?"

Saksafoni. Ndiyo iliyokuwa kulia. Tarumbeta ilikuwa inapulizwa yote kwenye sikio lisilosikia.

Nikaichukua Nyeusi kwanza, nikajaribu kuvipindua vikombe vyake vitazame nje, tugawane. Havipinduki. Vya Kahawia vinazunguka kabisa. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeliona hilo kama udhaifu wa bawaba. Nikavigeuza. Kimoja nikakiweka kwenye sikio lake la kulia. Kingine kwenye sikio langu la kushoto. Tulilazimika kukaribiana hadi nywele zetu zikagusana. Zake zimekuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

Yeye alikuwa na saksafoni. Mimi nilikuwa na tarumbeta. Yake iliponyamaza alinigusa goti, na mimi nikamwimbia taratibu kile ambacho tarumbeta ilikuwa inajibu. Yangu iliponyamaza, nilimgusa yeye.

"Huyo wako ana maneno mengi," akasema.

Wimbo uliisha. Hakuondoa kichwa.

Nyeusi iko kwenye boksi, utepe umeshabandikwa. Basi ni saa mbili asubuhi.