Mtu wa Tai pale Hwahongmun

Suwon, mwezi wa kumi

Mdogo wangu Ok-bun,

Uniwie radhi kwa kimya changu cha tangu miti ilipochipua. Sikutaka kuandika jambo nisilo na hakika nalo. Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba shemeji ameacha kwenda kuvua kwenye baridi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliokosa utulivu.

Tangu mwanangu Tae-ho afariki, mkewe Mi-ryeong amenitunza kama binti wa kumzaa. Lakini kiangazi hiki alianza kunong'ona kwenye simu, na kila nilipoingia jikoni alinyamaza. Mara akaninunulia koti jipya. Mara akanipeleka kwa kinyozi. Mzee hanunuliwi koti bure, Ok-bun. Jirani yangu Bwana Gok alinunuliwa lake, na baada ya muda mfupi akajikuta katika nyumba ya kulelea wazee, ambako hadi leo analalamikia supu. Nikajua zamu yangu imefika.

Jumapili iliyopita Mi-ryeong alisema twende Hwahongmun tukatazame maji. Nimezeeka karibu na lango hilo. Maji hupita katika matao yaleyale saba, hayana jipya. Nilikwenda ili niijue njama.

Tulivua viatu, tukapanda kwenye sakafu ya mbao juu ya lango. Hapo palikuwa na mwanamume wa makamo, kafunga tai siku ya mapumziko. Aliniinamia kupita kiasi, kisha akaanza: mzee analala vizuri? Ngazi anazipanda mwenyewe? Pilipili tumbo linaikubali? Je, anakoroma? Nilimjibu kwamba nakoroma kama treni ya mizigo, na amwambie aliyemtuma kwamba siendi. Alicheka hadi akashika nguzo. Akasema basi tutaelewana, maana hata yeye majirani humgongea ukuta.

Nilimgeukia Mi-ryeong, aliyekuwa akitazama maji huku masikio yamemwiva, nikamwuliza nyumba hiyo ya wazee iko wapi. Aliduwaa, kisha akapiga magoti hapohapo mbele ya wageni waliokuwa wakipiga picha. "Nyumba gani ya wazee, Baba? Huyu ni Bwana Maeng, fundi wa lifti. Ameniposa. Nilimwambia siolewi nikamwacha Baba peke yake. Akasema Baba naye aje tuishi wote, ila kwanza alitaka kuonana nawe."

Umeelewa? Nilikwenda kumchunguza adui, kumbe mwali aliyepambwa akapelekwa kutazamwa ni mimi!

Bwana Maeng amenikubali, mkoromo na yote. Mimi bado sijamkubali. Mtu anayeoa mjane na kumchukua na baba mkwe wake anatafuta nini? Nilimwuliza kwa ukali ni nani atakayemmiminia Tae-ho pombe siku ya tambiko lake. Akajibu kwamba atammiminia yeye mwenyewe, ikiwa Tae-ho hatachukia. Tangu hapo namtafutia kasoro.

Mi-ryeong amesema nikikataa atabaki nami, wala hatalitaja tena jambo hili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Ok-bun: namwamini.

Msalimie shemeji na wajukuu. Nikishaamua nitakuandikia, kabla sijamwambia yeyote hapa.

Kaka yako,
Pyo Gwang-sik