Kanda ya Mama

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na watoto ambao sijawahi kuwaona. Natumaini mu wazima. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaonisumbua.

Baba tumemzika Jumanne. Simu yako ya zamani haipatikani. Anwani hii nimepewa na yule seremala uliyefanya naye kazi.

Unakumbuka Krismasi za kwetu. Baba alitaka nyimbo za taratibu tu, za kwaya, akisema mtoto mchanga hapigiwi ngoma sikioni. Wewe ulitaka za kuchezeka, na kila Desemba mligombania redio. Mimi nilikaa upande wa Baba nimeinamisha kichwa, ukaniita Mtakatifu.

Halafu ikaharibika ile kanda ambamo Mama aliimba peke yake, mwaka mmoja kabla hajafariki. Baba aliiweka asubuhi ya sikukuu, zikatoka ngoma na vigelegele. Akauliza nani mwingine humu ndani anapenda makelele kama haya. Hakungoja jibu. Alikupiga mbele ya wageni, nawe ukaondoka na mfuko mmoja.

Miaka kumi na tisa imepita. Juzi hapa, akiwa kitandani, Baba aliomba kanda ileile. Alizisikiliza ngoma zote, macho kayafumba, mpaka pale zinapokatika na Mama anabaki na mstari mmoja tu. Akanishika mkono, akasema nikuambie kwamba amekusamehe. Nikaitikia, sawa Baba.

Kaka, ni mimi. Nyimbo za kuchezeka nilizipenda kuliko wewe, niliona haya tu kusema. Nilitaka kuzirekodi kutoka redioni na sikuwa na kanda nyingine. Wala usidhani niliteleza. Baba alikuwa amekivunja kile kijipande cha plastiki juu ya kanda ya Mama ili isirekodiwe tena ikafutika, nami nikaziba kitundu kwa karatasi. Nilidhani Mama yuko upande wa pili wa kanda. Ulipokuwa unapigwa nilisimama mlangoni na sahani mkononi.

Baada ya kunituma kwako, Baba aliishi siku nne. Zote nne tulikuwa wawili tu chumbani, na sikufungua mdomo. Amekufa akiwa amekusamehe kosa langu.

Nisalimie shemeji na watoto. Wakiuliza mimi ni nani, waambie ukweli.

Ni mimi mdogo wako.