Anataka Pedali Ikunje Zaidi, Nami Nimejua Sababu

Shikamoo Shangazi. Nakuandikia kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na sijamwambia hata dada yangu. Mimi ni fundi wa redio, mume wangu ni mpiga gitaa wa bendi ya ukumbini, na zile pedali anazokanyaga jukwaani kubadili sauti ya gitaa namtengenezea mwenyewe kwenye meza ya jikoni, hata mapenzi yetu yalianzia kwenye kibati cha pedali kama hizo. Anayoipenda kuliko zote ni ya kukunja sauti, yaani mawimbi ya gitaa yakizidi kimo hayakatwi vichwa kama kwenye pedali za kawaida, yanakunjwa yakarudi chini, yakapanda tena, na kila mkunjo unaongeza makali, zile sauti nyembamba za juu. Basi tangu mwaka jana kila akirudi ananiambia pedali imepoa, niongeze mkunjo, naongeza, haupiti muda imepoa tena, naongeza, nikidhani ni zile tamaa za wasanii zisizoshiba, kumbe. Mwezi uliopita nikaweka mkunjo wa mwisho ambao saketi ile inaweza kubeba, nikaijaribu, jirani akagonga ukuta, mimi mwenyewe meno yakanisisimka, nikampa mume wangu, akapiga, akaniangalia kwa upole akasema, "Mke wangu, leo hujagusa kitu."

Shangazi, niliirudisha kwenye meza ya jikoni. Nikaifungua tena, nikatoa makali yote, nikaacha ikunje zile sauti nene za chini tu, akapiga akacheka, akanikumbatia, akasema sasa nimeipata, na mimi nikaenda bafuni kulia, maana nilijua kilichopoa si pedali. Birika likipiga mluzi hageuki. Mezani amehama kiti chake cha miaka yote, siku hizi anakaa ili nimwongeleshe upande wa kulia, na nikiongea ananitazama mdomo, nami mjinga nilidhani ni mahaba. Kiongozi wa bendi amenipigia simu kwamba spika ya mume wangu inawaumiza wenzake na wameanza kuulizia mpiga gitaa mwingine. Gitaa ndiyo kazi yake, ndiyo na furaha yake, nikimwambia nitakuwa nimemzika akiwa hai, nikinyamaza nitaendelea kulehemu uongo, na jana ameniomba niiongezee nguvu. Nifanye nini?

Fundi wa Jikoni

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole hiyo ishike vizuri, kwa sababu yanayofuata hayana sukari.

Mimi pedali sizijui, ila watu nawajua kidogo. Umeandika kwa mkono wako kwamba mumeo amehama kiti. Mtu asiyejua kuwa sikio lake limekufa hahami kiti. Mumeo anajua. Anajua na anaogopa, na kila akikuletea kibati hicho anakuomba umhakikishie kuwa ugonjwa uko ndani ya kibati. Nawe, kwa ufundi wako wote, unamhakikishia. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na ninyi mmeyaficha wawili.

Ulichomfanyia mwezi uliopita kilikuwa upendo, sikatai. Lakini kilimpa sababu ya kusimama mbele ya spika ile mwezi mwingine mzima. Sikio halifunguliwi kwa bisibisi likabadilishwa kifaa. Lililokwenda huenda limekwenda. Kilichobaki ndicho cha kuokoa, na kila mwisho wa wiki mnakipunguza.

Kwa hiyo nguvu hiyo usiiongeze. Mpeleke kwa daktari wa masikio wiki hii, na uingie naye, usibaki nje ukisingizia kushika mkoba. Mpaka daktari aseme, jukwaani asipande, na kiongozi wa bendi aelezwe na mumeo mwenyewe, si wewe kwa mlango wa nyuma. Huenda akaambiwa aache bendi. Sitakudanganya. Atakasirika, na wa karibu wa kukasirikiwa ni wewe, kwa hiyo jiandae, na usiondoke.

Jambo la mwisho. Usimwambie ukiwa umemkumbatia, kichwa begani, kama tunavyopenda kupeana habari mbaya. Kaa mbele yake, mchana, dirishani penye mwanga, useme polepole. Anatazama mdomo wako. Safari hii uwe unasema kweli.