Misumari Iliyong'aa

Shuleni, 3 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini macho yanapoa na bandeji haikuwashi tena. Huku hatujambo, ila mimi usingizi umenihama. Najua simu hamruhusiwi wodini na kwamba muuguzi ndiye anayekusomea, basi naye nampa pole.

Jana mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nilidhani nimekosea barua za wazazi. Kumbe anataka mimi niiongoze timu yako kwenye mashindano ya taifa ya miradi ya teknolojia. Nikamkumbusha kwamba mimi ni karani, kazi yangu ni kuchapa barua na kupokea wageni. Akasema walimu wa sayansi wamebanwa na mitihani, na mtu aliyelelewa na wewe hawezi kukosa vyote. Hakungoja jibu.

Nimekutana na wanafunzi wako watatu. Wawili wanapenda utani. Wa tatu ni yule binti wanayemwita Nukta kwa udogo wa umbo, mwenye mradi hasa. Alinionyesha kengele yake ya mafuriko: kisanduku cha mbao, betri, na misumari miwili inayoning'inia chini. Maji yakipanda na kuigusa yote miwili, umeme unapita na kengele inalia. Akaniambia kwamba mwaka juzi mto uliingia kwao wakiwa wamelala, na mdogo wake hakupatikana mpaka maji yalipopungua. Alilisema kama anavyotaja ukubwa wa betri. Sikujua niweke wapi macho.

Wakishinda, serikali itatengeneza kengele hizo na kuzifunga kando ya mto. Ndiyo maana naogopa, Shangazi. Niambie nifanye nini.

Mwanao

*

Hospitalini, 7 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kwa mtu aliyefungwa macho kama mwizi. Muuguzi anayeniandikia hii anasema mwandiko wako ni wa cheti cha ndoa, na anauliza kama umeolewa. Nimemwambia ashughulike na sindano zake.

Huna la kuwafundisha. Wanaujua mradi kuliko mimi. Wewe hakikisha wamekula, wamelala, wamefika. Usiwaandikie maelezo ya kukariri. Nukta ana maneno yake na yanatosha. Hofu ikikuzidi, tafuta cha kusafisha, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa ukisubiri matokeo ya mitihani. Nyumba yangu haijawahi kung'aa kama wiki zile.

Shangazi yako

*

Shuleni, 15 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje leo? Mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi la stoo.

Tunaondoka alfajiri. Jana tuliijaribu kengele kwenye ndoo, ikalia mpaka mpishi akatoka jikoni akiuliza nani kafa. Nukta akacheka. Sikujua kwamba huwa anacheka.

Nimesoma mwongozo wa waamuzi na nimekuta kuna alama za unadhifu. Kisanduku kilikuwa na madoa ya gundi na misumari imeanza kutu. Basi leo, watoto walipokwenda kufungasha nguo, nimefuata ushauri wako. Nimepiga msasa, nimepaka mbao rangi ya buluu, nikamalizia na vanishi kila mahali, misumari pia. Inameremeta kama vijiko vya wageni. Nukta alipoiona alisimama muda mrefu akiitazama, kisha akasema asante. Nadhani amefurahi.

Tuombee.

Mwanao

*

Hosteli ya mashindano, 18 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Najua hospitali yako iko upande wa pili wa mji huu huu na ningeweza kuja. Nimeshindwa kuwaacha watoto, na nimeshindwa pia kukukabili. Dereva wetu ndiye anayekuletea hii, na atasubiri jibu.

Kengele haikulia. Nukta alieleza vizuri mno. Akamimina maji kwenye beseni la kioo, yakapanda, yakaigusa misumari, kimya. Akaongeza. Kimya. Akakagua betri, akakagua kila waya, mpaka muda ukaisha. Ndipo jaji mkuu akauliza ilikuwaje ikalia kwenye ngazi ya mkoa. Akasema ameona miradi ya namna hiyo, yenye swichi iliyofichwa ambayo mtu huibonyeza kwa kidole. Nukta akajibu, "Mimi siigizi." Jaji akaandika tu. Ikithibitika ni udanganyifu, atafungiwa mashindano yote mpaka amalize shule, na mradi wake hautapokelewa popote. Tuhuma hiyo itasikilizwa keshokutwa.

Jioni nilikuwa naosha mikono. Kwenye ukucha wangu wa kidole gumba kulikuwa na tone la vanishi lililokauka. Maji yalipita juu yake bila kuugusa ukucha. Nilibaki pale bombani, Shangazi, mpaka mtu akaja kulifunga.

Nilipata alama ya juu ya fizikia. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba umeme haupiti kwenye vanishi.

Nimemwambia mwalimu mkuu. Amesema nikae kimya, kwa kuwa kanuni zinakataza mtu mzima kugusa mradi, na nikisema, shule nzima itatolewa. Yeye atadai waya zililegea kwa mashimo ya barabarani. Nikamuuliza, wasipoamini je? Akasema Nukta bado mdogo, atasahau.

Ninaogopa kupoteza kazi. Ninamwogopa jaji. Ninaogopa zaidi kumwambia Nukta. Nifanye nini?

Mwanao

*

Hospitalini, 18 Julai

Mwanangu,

Dereva yuko mlangoni, nitasema kifupi.

Kusafisha nilikutuma mimi. Sehemu hiyo ya mzigo ni yangu na nitaibeba.

Lakini sitakuambia useme. Nikikuamuru, utasema kwa kuniogopa, na utakuwa umebadilisha tu mtu wa kumwogopa. Ninachokijua ni hiki: muda huu binti yule amelala akiamini kosa ni la mikono yake. Na unajua anapolala huwa anafikiria nini.

Kula kitu.

Shangazi yako

*

Hosteli, 20 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesema.

Nilianza na Nukta, nje ya ukumbi, kabla ya kikao. Alinitazama mikono tu. Kisha nikaingia, nikasimama mbele ya waamuzi na sauti ikakatika mara mbili, mpaka jaji mkuu akaniletea maji mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama dari. Jaji akaomba wembe. Akampa Nukta, naye akakwangua misumari taratibu, kama anamenya kitu kinachoweza kuumia. Walipoitumbukiza majini, kengele ililia. Hakuna aliyepiga makofi. Ililia, ikalia, na Nukta hakuizima, alisimama akiisikiliza.

Wamemsafisha na tuhuma. Jaji alimwomba radhi mbele ya watu. Kisha akasoma kanuni: mkono wa mtu mzima umegusa mradi, timu imetolewa. Hakuna kengele zitakazofungwa mtoni mwaka huu.

Kesho tunarudi.

Mwanao

*

Hospitalini, 2 Agosti

Mwanangu,

Hujaandika tangu mrudi. U mzima? Unakula?

Wamenifungua bandeji. Jicho la kulia halina kitu. La kushoto linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha muuguzi, ambaye anasema nina bahati kuona kivuli tu. Daktari ameninyooshea maneno: sitafundisha tena. Nililia siku moja, nimemaliza.

Nasikia umepewa barua ya onyo. Itunze. Mimi nilipewa ya kwanza nikiwa na umri wako.

Stoo ya maabara, wanapotengenezea miradi, isifungwe. Ndilo ninaloomba.

Shangazi yako

*

Shuleni, 19 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimelia kwa ajili ya macho yako, nikajificha faili zisinione. Kazi ninayo bado. Mwalimu mkuu hunisalimia kwa kichwa.

Sikuandika kwa kuwa Nukta hakuwa akisema nami, na sikuona habari nyingine ya kukupa. Alikuwa akipita dirishani kwangu kama anapita ukuta. Sikumlaumu.

Jana alisimama. Akasema mvua hazingoji mashindano, na kwamba anatengeneza nyingine, ya kufunga kwao kwanza. Akaniuliza fizikia nilisomea wapi. Nikasema darasani, kwa Shangazi. Akasema, "Basi ulikuwa umelala." Hakutabasamu. Kisha akasema ufunguo wa stoo uko kwangu na kwamba masomo yakiisha niwafungulie.

Niliwafungulia, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono chini ya mapaja ili isinisaliti. Wale wawili wakatania kwamba nafanana na mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino. Nukta hakugeuka. Alikuwa anapambana na waya mbili, moja kila mkono, na msumari ameubana kwa kidevu. Alijaribu, ukaanguka. Akajaribu tena. Wenzake walikuwa karibu naye, lakini hakuwaita.

"Karani," akasema, bado hajanigeukia. "Njoo ushike hapa. Usibonyeze, shika tu."

Nimeshika, Shangazi.

Mwanao